Fosfati Imekaa Wapi? Tuliyojifunza Kuhusu Kinasi za Mgawanyiko wa Seli

Mwanafunzi wa uzamili anapoingia maabara kwa mara ya kwanza huja na sentensi moja kichwani: fosfati huwasha kinasi. Kinasi ni kimeng'enya kinachotia fosfati kwenye protini nyingine. Sentensi hiyo imemfaulisha mitihani, kwa hiyo haitilii shaka. Kisha anatibu seli zake kwa dawa, anazipasua, anaziendesha kwenye jeli inayopanga protini kwa ukubwa, anaona mstari mnene wa CDK1, kinasi inayoanzisha mgawanyiko wa seli, yenye fosfati, na kwenye daftari anaandika kwamba kinasi imewaka na seli zinagawanyika. Anapochungulia kwenye hadubini, haoni hata seli moja iliyojiviringa ili igawanyike. Mstari ule mnene ulikuwa wa kinasi iliyozimwa.

Kosa hili tumeliona likirudiwa kuliko jingine lolote katika kazi hii, ndiyo maana tunaanza nalo. CDK1 ina mahali patatu pa fosfati panapoamua kama itafanya kazi, na fosfati za mahali pawili kati ya hapo huizima. Kabla ya kuuliza kama fosfati ipo, uliza imekaa kwenye asidi amino ya ngapi.

Tuiangalie kinasi yenyewe kwa karibu. CDK1 ni protini ndogo ya asidi amino 297, uzito wake kama kilodaltoni 34. Ndugu yake CDK2 ana asidi amino 298. Ikiwa peke yake, kinasi hii haifanyi kazi hata ukiimwagia ATP, molekuli inayotoa fosfati. Kuna kipande cha mnyororo wake, kinachoitwa kitanzi cha T, ambacho hulala mbele ya mlango ambapo protini ya kufanyiwa kazi ingeingia. Tena kuna heliksi moja iliyogeukia nje, kwa hiyo asidi amino inayopaswa kusaidia kuishika ATP iko mbali na mahali pake. Saiklini, protini mwenza wa kinasi, ikija na kujibandika ubavuni, huisukuma heliksi ile irudi ndani na kukivuta kitanzi kando. Picha za fuwele zilizoonyesha haya kwa CDK2 zilitoka kati ya 1993 na 1996, na anayeanza kazi hii akae nazo jioni nzima kabla hajagusa pipeti.

Saiklini ikishakaa, kinasi huwa imeamka nusu tu. Kwenye kile kitanzi kuna asidi amino iitwayo threonini, ya 161 kwa CDK1 na ya 160 kwa CDK2, na sasa imejitokeza. Hapo huja kinasi nyingine, CAK, ambayo kwenye seli zetu ni CDK7 pamoja na saiklini H na MAT1, na kuitia fosfati. Fosfati ile hushikwa na arginini tatu, na kitanzi ambacho kilikuwa kinacheza kinatulia mahali pake, mlango ukabaki wazi. Hii ndiyo fosfati inayowasha. Bila yake, CDK1 na saiklini yake ni kama hazipo.

Ila CAK haingoji wakati wa kugawanyika. Nguvu yake hubaki karibu ileile tangu seli inapoanza kukua hadi inapogawanyika. Maana yake, fosfati ya threonini 161 ni ya lazima, lakini siyo inayoamua saa. Ukiipima peke yake ili ujue seli inagawanyika lini, unapima kitu ambacho kazi yake ilikwisha saa kadhaa zilizopita.

Saa huamuliwa upande wa pili wa kinasi, kwenye paa la chumba cha ATP, penye threonini 14 na tairosini 15. Wee1, ikiwa ndani ya kiini, hutia fosfati kwenye tairosini 15. Myt1, iliyojishikiza kwenye tando nje ya kiini, hutia kote kuwili. Fosfati hizo hazimfukuzi ATP chumbani. Humvurugia mkao, asiweze kutoa fosfati yake kwa protini iliyo mlangoni. Ni komeo. Seli iliyo katika awamu ya G2, inayotangulia mgawanyiko, hurundika CDK1 yenye saiklini B, iliyokwisha kuwashwa kwenye 161, na yote imetiwa komeo kwenye 14 na 15. Kila kitu kiko tayari na hakuna kinachotendeka.

Anayelifungua komeo ni Cdc25, ambayo ni fosfatasi: kazi yake ni kutoa fosfati. Basi mgawanyiko wa seli huanzishwa na fosfati kuondolewa. Na CDK1 chache za kwanza zikishafunguliwa, huitia fosfati Cdc25 na kuizidishia nguvu, kisha huitia fosfati Wee1 na kuidhoofisha. Angalia hapo: fosfati za kinasi ileile, protini moja imeamshwa na nyingine imelazwa. Mzunguko huo hujilisha wenyewe, ndiyo maana seli haiingii mitosisi, yaani mgawanyiko wenyewe, polepole. Ikianza kuingia, huingia yote kwa muda mfupi. DNA ikiwa na jeraha, kinasi ya ulinzi iitwayo Chk1 huitia Cdc25 fosfati mahali pengine kabisa, na hiyo huifanya ishikwe na kuwekwa kando. Komeo linabaki.

Jina Wee1 lina historia yake. Paul Nurse, akifanya kazi Edinburgh miaka ya 1970, alipata hamira iliyogawanyika kabla ya kufikia kimo chake, ikazaa seli fupi. Kwa lugha ya Waskoti "wee" ni "dogo". Seli isiyo na Wee1 haina wa kuiambia ingoje. Ukibadilisha tairosini 15 ya CDK1 ya hamira hiyo kuwa fenilalanini, ambayo haishiki fosfati, hamira huwahi kugawanyika vilevile. Nurse alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Miaka 9 kabla, mwaka 1992, Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wamepewa ya kwao kwa kuonyesha kwamba fosfati kwenye protini hutiwa na kutolewa. Neno "kutolewa" ndilo wanafunzi wetu husahau.

Sasa twende mezani.

Jambo la kwanza ni jinsi mistari inavyokaa kwenye jeli. Ukiendesha CDK1 kwenye jeli ya asilimia 12 polepole, hadi alama ya kilodaltoni 25 ikaribie chini, utaona mistari miwili au mitatu iliyobanana karibu na 34. Wa juu, ulioenda taratibu, ni wa kinasi yenye komeo. Wa chini ni wa isiyo na komeo, na kwenye seli zilizo katika mitosisi karibu kinasi yote hushuka kwenye mstari huo. Kwa CDK2 kuna mtego mwingine: fosfati ya threonini 160 huifanya protini iende mbio zaidi, kwa hiyo mstari wa chini ndio wenye fosfati inayowasha. Aliyezoea kwamba fosfati hupandisha mstari juu atasoma kinyume. Jeli fupi iliyoendeshwa kwa haraka huifuta tofauti hii yote, ukabaki na doa moja nene lisilosema kitu.

La pili ni kingamwili, protini tunayoitumia kutambua fosfati ya mahali fulani. Ile inayouzwa kwa ajili ya tairosini 15 ya CDK1 haijui kutofautisha CDK1 na CDK2, kwa sababu asidi amino zinazoizunguka tairosini hiyo ni zilezile kwa zote mbili. Vivyo hivyo kwa threonini 161 na 160. Na uzito wao karibu ni mmoja, kwa hiyo jeli nayo haikusaidii. Ukitaka kusema habari ya CDK1 peke yake, ivue kwanza kwa kingamwili ya CDK1 au ya saiklini B1 iliyoshikizwa kwenye shanga, kisha ndipo uipime fosfati. Asiyefanya hivyo aandike kwa uaminifu kwamba amepima CDK1 na CDK2 kwa pamoja.

La tatu ndilo linalopoteza kazi nyingi zaidi, nalo hutokea ndani ya dakika 5 za mwanzo. Seli ikipasuka, fosfatasi zake zote huachiliwa, na zile zilizokuwa zimetengwa na CDK1 kwa kuta za ndani sasa zinaogelea nayo kwenye tyubu moja. Ukiziacha kwenye meza ya maabara mchana wa Februari, fosfati ya tairosini 15 hupungua ukiangalia, nawe utadhani dawa yako imefungua komeo. Kinga ni barafu na vizuizi vya fosfatasi. Kwa fosfati za serini na threonini tunatumia floridi ya sodiamu milimola 50 na betagliserofosfati milimola 10. Kwa tairosini tunatumia vanadati ya sodiamu milimola 1. Floridi iwekwe kwenye chupa ya plastiki, maana hula kioo.

Vanadati ndiyo inayotaka subira. Haifai kuyeyushwa na kutumiwa hivyohivyo, kwa sababu ndani ya maji molekuli zake hushikana makundi makundi, na makundi hayo hayazuii fosfatasi za tairosini vizuri. Pima gramu 1.84, yeyusha kwenye maji safi kama mililita 45, na uanze kushusha pH kwa matone ya asidi hidrokloriki hadi 10. Mchanganyiko utageuka rangi ya manjano, wakati mwingine kama chai ya rangi iliyopauka. Chemsha hadi rangi ipotee kabisa, iwe kama maji. Acha ipoe, pima pH tena, utaona imebadilika. Irudishe kwenye 10; manjano huweza kurudi. Chemsha tena. Rudia hadi ifike mahali inabaki bila rangi na pH imetulia kwenye 10, kisha jaza hadi mililita 50. Hiyo ni milimola 200. Igawe kwenye tyubu ndogo, uigandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na siku ya kazi utumie mikrolita 5 kwa kila mililita 1 ya mchanganyiko wa kupasulia. Tyubu iliyogeuka manjano baada ya kuyeyuka, ichemshe tena au uitupe.

Halafu watu hufanya kazi hiyo yote na kuiharibu kwa mkono mwingine. EDTA, kemikali ya kukamata metali, huikamata vanadati na kuifanya isizuie kitu. DTT huibadilisha kikemia. Michanganyiko mingi ya kupasulia seli ina EDTA milimola 5, imeandikwa hivyo tangu zamani na watu waliokuwa wanawaza habari ya protini kuliwa na protiezi, vimeng'enya vinavyokata protini. Soma orodha ya vilivyomo kabla ya kumimina. Kama unataka tairosini 15, toa EDTA, na DTT iingie tu wakati wa kuchanganya sampuli na bafa ya jeli.

Njia tunayoiamini kuliko zote, ikiwa huhitaji kuvua kinasi, ni kuzipasua seli moja kwa moja kwenye bafa ya jeli yenye SDS, sabuni inayokunjua protini, ikiwa moto. Mwaga chakula cha seli, osha mara moja kwa maji ya chumvi baridi, kisha mimina bafa ya moto na ukwangue. Fosfatasi zote hufa papo hapo, pamoja na kinasi. Sampuli itavutika kama uji wa mlenda kwa sababu ya DNA. Ipitishe kwenye sindano nyembamba mara 10. Hutaweza kupima protini kwa njia za kawaida kwa sababu ya SDS, kwa hiyo hesabu seli mapema: milioni 1 kwa mikrolita 100, na mikrolita 10 kwa kila kisima, yaani seli 100,000.

Na hapa Nairobi yenyewe inaingia. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94. Maelekezo yaliyoandikwa pwani ya nchi nyingine yanasema uchemshe sampuli kwenye nyuzi 95 kwa dakika 5. Kwenye sufuria ya maji hutafika 95 hata ukeshe. Ziongezee sampuli dakika, ziwe 8 au 10. Ukitumia kifaa kikavu cha kupasha tyubu, kitafika, lakini bafa itaanza kutokota ndani na vifuniko huruka, sampuli ikatapakaa. Vibane vifuniko, au weka kifaa kwenye 90 na uongeze muda. Vanadati nayo hapa huchukua muda mrefu zaidi kupoteza rangi, usikate tamaa mapema.

Inkubeta pia. Shinikizo la hewa hapa ni karibu kilopaskali 82, si 101 kama pwani. Asilimia 5 ya kabonidayoksaidi katika hewa hii nyepesi ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya Mombasa, na chakula cha seli hupanda pH kwa karibu 0.1. Kwa seli nyingi si hatari, ila ukiona chakula kimeelekea zambarau kila asubuhi na mtungi wa gesi haujaisha, hiyo ndiyo sababu. Asilimia 6 huirudisha karibu na ilipopaswa kuwa. Soma kwanza mwongozo wa inkubeta, maana sensa nyingine hupima wingi wa gesi yenyewe na zimekwisha kurekebisha jambo hilo bila wewe kujua.

Kuhusu kuzipanga seli zigawanyike kwa pamoja, njia maarufu ni kuzifungia mara mbili kwa thimidini milimola 2, inayosimamisha kunakiliwa kwa DNA. Hebu hesabu saa zake kwa seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Weka thimidini Jumatatu saa kumi na moja jioni. Baada ya saa 18, yaani Jumanne saa tano asubuhi, zioshe uziachilie. Baada ya saa 9 nyingine, saa mbili usiku, rudisha thimidini. Baada ya saa 16, Jumatano saa sita mchana, zioshe mara ya mwisho. Mitosisi itafika kati ya saa mbili na saa nne usiku huo. Upange vyovyote, utakuwa na zamu ya usiku mahali fulani, na anayeishi Rongai au Kitengela lazima ajue atarudi nyumbani vipi kabla hajaanza. Stima ikipotea katikati bila jenereta, seli hupoa, ratiba huchelewa, nawe utavuna seli ambazo hazijafika.

RO-3306 ni rahisi zaidi kwa saa. Ni kizuizi cha CDK1 chenyewe, mikromola 9, unakiweka jioni, seli zinajaa mlangoni mwa mitosisi, asubuhi unaosha mara 3 kwa chakula chenye joto la nyuzi 37, na ndani ya saa 1 nyingi zimejiviringa. Chakula baridi hapa ni kosa kubwa. Tubulini, protini ya nyuzi za mgawanyiko, hulegea kwenye baridi na seli husita. Lakini kumbuka ulichofanya: umeizuia CDK1, kwa hiyo umeukata ule mzunguko wake wa kumwamsha Cdc25 na kumlaza Wee1. Fosfati ya tairosini 15 utakayoiona kabla ya kuosha ni nyingi kwa sababu yako wewe. Isichukuliwe kuwa kipimo cha G2 ya asili.

Nokodazoli ni ya upande wa pili: nanogramu 100 kwa mililita, saa 12 hadi 16, hukwamisha seli ndani ya mitosisi, komeo likiwa limefunguliwa na saiklini B ikiwa haijaharibiwa. Tengeneza kwanza ya miligramu 0.1 kwa mililita, ndipo mikrolita 10 zitoshe sahani yenye mililita 10. Kupima sehemu ya mikrolita kwa pipeti ni kujidanganya. Gonga sahani ubavuni, seli zilizojiviringa zitang'oka, zilizolala zibaki. Hizo zilizong'oka ndizo sampuli yako ya kinasi iliyowaka. Sampuli ya kinasi iliyozimwa ipate kwa hidroksiyurea milimola 2 usiku kucha. Kila jeli iwe na hizo mbili, moja kila upande, hata kama unafikiri umeshaelewa. Bila hizo mbili, mstari mnene hauna maana.

Kuna kipimo kimoja zaidi tunachokidai kabla ya kuamini kingamwili yoyote mpya. Pasua seli bila kizuizi chochote cha fosfatasi na bila EDTA, gawa mara mbili, na nusu moja uitie fosfatasi ya lamda pamoja na manganizi milimola 1, dakika 30 kwenye nyuzi 30. Mstari wa fosfati upotee, mstari wa CDK1 yote ubaki. Ukibaki wote, kingamwili yako inasoma protini, haisomi fosfati. Kingamwili zinazokaa siku kadhaa uwanja wa ndege zikisubiri karatasi za ushuru hufika zikiwa vuguvugu, barafu imekwisha. Nyingi huvumilia, chache hazivumilii, na kipimo hiki ndicho kitakachokuambia.

Maziwa ya unga ya kufunikia utando unaohamishiwa protini kutoka kwenye jeli hayana kosa kubwa kama inavyosemwa, ila yamejaa kaseini, ambayo nayo hubeba fosfati, na kingamwili inayosoma fosfati ya aina yoyote itaifuata. Tumia albumini ya ng'ombe asilimia 5, na bafa ya Trisi badala ya ile ya fosfati. Na CDK1 yote usiipime kwa kung'oa kingamwili ya kwanza kwenye utando uleule, kwa kuwa mistari hukaa mahali pamoja na mabaki hudanganya. Endesha jeli mbili.

Hayo yote hupima fosfati. Nguvu ya kinasi yenyewe hupimwa kwa kuiacha ifanye kazi: ivue kwa kingamwili ya saiklini B1, ipe histoni H1, protini ambayo CDK1 huitia fosfati, mikrogramu 2, magnesiamu milimola 10 na ATP, nyuzi 30, dakika 20, kisha uone fosfati iliyohamia. Njia ya zamani hutumia fosforasi 32, na inahitaji leseni ya KNRA, mamlaka ya Kenya ya kusimamia nyuklia. Nusu yake huoza kila siku 14.3. Ikichukua wiki 3 kukufikia, imebaki asilimia 36 ya ulicholipia. Wengi sasa hutumia ATP ya kawaida na kingamwili inayosoma fosfati kwenye protini iliyofanyiwa kazi, kwa mfano PP1 kwenye threonini 320, ambapo CDK1 hupenda. Ni safi zaidi. Chukua sampuli za dakika 5, 10 na 20. Zikiwa sawa zote, histoni au ATP imekwisha na hupimi tena kasi.

Kwa nini tujitese na kinasi hizi hapa kwetu? Jibu moja liko zizini. Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, huingia ndani ya limfosaiti, chembe nyeupe za damu, za ng'ombe na kuzifanya zigawanyike bila kukoma, karibu kama saratani, nacho hugawanyika pamoja nazo kwa kujishikiza kwenye nyuzi za mitosisi za seli mwenyeji. Kwa Theileria annulata, jamaa yake, imeonyeshwa kwamba kimelea huivuta Plk1 ya ng'ombe hadi kwenye ngozi yake, na Plk1 ni kinasi inayofanya kazi bega kwa bega na CDK1. Utafiti wa limfosaiti hizo una mizizi hapa Nairobi tangu ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya wanyama, ilipoanzishwa mwaka 1973, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, imeurithi. Mwanafunzi wa hapa hana haja ya kuazima HeLa ili aone mzunguko wa seli ulioharibika.

Ila seli hizo zina tabia zake. Zinaelea, kwa hiyo kuzigonga ili zile za mitosisi ziachane na nyingine hakuwezekani. Baada ya nokodazoli utavuna zote, na lazima uhesabu kwa hadubini ni ngapi kweli zimo katika mitosisi. Asidi amino zilizo jirani na tairosini 15 ni zilezile kwa ng'ombe na binadamu, kwa hiyo kingamwili za binadamu hufanya kazi. Ukiua kimelea kwa bupavakuoni, dawa ya ndigana, nanogramu 50 kwa mililita, seli hupunguza mbio na kuacha kugawanyika ndani ya siku chache, na hapo ndipo yule mwanafunzi wa mwanzo hujikwaa mara ya pili, safari hii kwa upande mwingine. Ataona fosfati ya tairosini 15 imepungua siku ya 4, na kwa kuwa sasa amejua kwamba fosfati hiyo ni komeo, ataandika kwamba komeo limefunguliwa. Aitazame jeli ya pili. Seli iliyotoka kwenye mzunguko huacha kutengeneza CDK1, na mstari wa CDK1 yote utakuwa umefifia kwa kiasi kilekile.